Mlango wa Nyanguge

Ndani ya kebini tajiri amebandika karatasi:
LIFTI MARUFUKU. HATA MAMA YAKO.
Ameifunika nailoni isilowe jasho langu.
Nyuma nimebeba barafu ya Igogo, mapande arobaini
chini ya maranda na turubai,
na barafu haijui subira:
kila nikikanyaga breki, inahesabu.

Wema hauozi, walisema wahenga.
Hawakuwahi kupeleka barafu Magu saa sita mchana.

Mwaka juzi, pale Kisesa, nilimpakia kijana
wa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.
Aliniamkia mara mbili. Akamsifia mwanangu kwenye picha.
Akashuka na pochi, na simu, na jeki.
Jeki! Nami nina tairi moja gonjwa.
Nyabise aliposikia hakugomba.
Alinipakulia ugali, akasema tu:
"Siku nyingine atashuka na wewe."

Basi nikajifunza kupita.
Kuna ufundi wake: unatazama ziwa
kana kwamba ghuba imekuita kwa jina;
au unachokonoa redio; au unawasha indiketa kidogo,
uongo mdogo kwamba unaishia hapo mbele.
Mkono ulionyooshwa unabaki kwenye kioo cha pembeni,
unapungua, unapungua, unakuwa kijiti.

Lakini leo, nikiiacha Nyanguge, mtu alikuwa na mlango.
Mlango mzima, wa mninga, na bawaba zake,
ameusimamisha kando ya lami
na kujibanza kwenye ukanda wa kivuli chake.
Nikapita. Nikatazama ziwa.
Kioo kikaniletea mlango usio na nyumba,
umefungwa, katikati ya jua,
na mimi nikajiona niko upande wa nje.

Nikageuza gari penye ghala la pamba.
Barafu ikahesabu.

"Panda, kaka."
Hakupanda. Alitazama mikono yangu kwenye usukani,
akatazama namba ya gari,
akachungulia karatasi ya tajiri, akaisoma polepole
mpaka kwa mama.
"Umenipita," akasema, "halafu umerudi.
Anayepita namjua. Anayesimama namjua.
Anayerudi, ndugu yangu, karudia nini?"

Nikakosa la kusema.
Miaka miwili nawapima watu kwa kioo,
sikuwahi kuwaza kwamba nao, kule vumbini,
wana kioo chao.

Maji yakaanza kudondoka kwenye lami.
Mwishowe akasema: "Pakia mlango.
Uuache Ilungu, kwa Shigela fundi baiskeli.
Sema ni wa Maduhu. Mimi nakuja kwa miguu."

"Huogopi nitauiba?"

"Ukiuiba, nimepoteza mlango.
Ukiniiba mimi, wanangu wamempoteza wa kuufungua."

Tukaulaza juu ya turubai, kitasa kikitazama mbingu.
Niliendesha kama aliyebeba mgonjwa.
Ilungu, Shigela hayupo; banda lake lina mnyororo,
na jirani hajui, na mtoto wa jirani anajua kucheka tu.
Ningeuegemeza ukutani nikaenda zangu.
Tajiri amepiga simu mara tatu.

Nimekaa chini, mgongo kwenye mninga uliopoa,
naiangalia njia niliyojia.
Chini ya gari barafu inaandika mstari mwembamba
unaokauka kabla haujafika popote.
Ana kilomita kama saba, yule mtu,
kama hajapata wa kumwamini.
Magari yanapita. Kila dereva ananiona,
mimi na mlango wangu,
kisha, ghafla, analikumbuka ziwa.